Saa Nane ya Nani?

Kaka yangu ni seremala, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Ndiyo maana aliponipigia simu jioni kunisomea ujumbe wa watu wa hali ya hewa, sikumuuliza mara ya pili.

"Mvua kubwa, radi, mafuriko mabondeni," alisema. "Kesho saa nane. Wameandika hapa, nane, nukta, sifuri sifuri."

"Basi saa saba tumtoe mama. Wewe uje na mkokoteni."

Mama anaishi peke yake bondeni, chumba cha mwisho kabla ya mto, na miguu yake haimbebi tena. Nimemsihi ahamie kwangu mpaka nimechoka. Ati cherehani zangu hazimwachi mtu akalala! Nikampigia: kesho saa saba tunakuja kukuchukua, uwe tayari, na sitaki maneno. Cha ajabu, hakubisha.

Asubuhi niliwahi kufungua duka langu la ushonaji. Nikapandisha majora ya vitambaa juu ya kabati, nikafungua mota za cherehani, nikafunga sare za shule ndani ya mifuko ya plastiki. Jirani yangu muuza viatu naye alikuwa anahamisha vyake, anatoka jasho, hata salamu ananijibu juu juu.

"Mbona mbio hivyo, shemeji? Mvua si saa nane?"

Akasimama na boksi kifuani. "Nani kakwambia? Hiyo ni nane ya simu, dada. Nane ya simu ni saa mbili hii."

Radi ikapiga hata hajafunga mdomo.

Sikufunga duka. Nilikimbia huku nikimtukana kaka yangu kwa sauti, watu wakinipisha njia. Mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Nilipofika kwenye mteremko wa bondeni nikamkuta kaka, naye amekimbizwa na radi, mkokoteni umekwama kwenye matope, anausukuma peke yake.

"Mbao unapima mpaka unywele, saa ikushinde?"

Alikuwa analia. Tukauacha mkokoteni pale pale tukashuka, maji ya magoti, kisha ya mapaja.

Mlangoni kwa mama tulimkuta fundi mwashi, jirani yake, ameshikilia fremu ili maji yasimchukue.

"Afadhali mmefika," akasema. "Huko juu imenyesha usiku kucha; nimekuja kumbeba tangu alfajiri, maji ya mto yanaingia uani. Nikarudi tena. Hataki! Anasema wanawe wanakuja saa saba, nikimtoa mtafika mkute kitanda kitupu, mpate wazimu."

Mama alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kutokea na kilemba, mkoba mapajani. Godoro lilikuwa limeshazama. Maji yalimfika kiunoni na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Angeweza kuita. Angeweza kulia. Alikuwa anatusubiri tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asubiri.

"Mmewahi," alisema, meno yakigongana. "Saa saba bado kabisa."

Nilishindwa kumtazama. Kaka akamwinua, mimi nikamshika miguu, baridi kama samaki. Tulipokuwa tunapita mlangoni, mama akamgeukia fundi mwashi, akasema kwa sauti ya kujivuna:

"Si nilikwambia? Wanangu wakisema wanakuja, wanakuja."