Mpini Uliopigwa Msasa

Dada mtu alipofungua kopo la sarafu za kale za marehemu baba yao, mori ulimpanda. Sarafu zote ziling'aa kama vifungo vya shati jipya, na kisu cha kukunja cha mzee, kilichohifadhiwa humo pia, kilikuwa na mpini laini, uliopakwa vanishi.

"Nani alikutuma?" alimfokea kitindamimba wao, fundi seremala asiyeweza kuona ubao wenye mikwaruzo akauacha salama. "Nilikwambia uvitunze tu!"

"Si nimevisafisha, dada? Mpini ulikuwa umejaa alama, nikaupiga msasa."

"Kimbelembele chako hicho! Alama zile baba alizichonga mwenyewe, moja kwa kila mtoto aliyemzaa. Zilikuwa sita!"

Seremala akacheka, akahesabu kwa vidole. "Punguza hasira, dada. Sisi tuko watano."

Dada akambwagia kisu mapajani.

"Ya sita ilikuwa ya pacha wako. Alikufa siku mliyozaliwa, na mama alitukataza kukwambia. Hana picha, hana hata jina. Alikuwa na alama ile tu."