Fundi Amelala kwenye Kochi la Mwalimu Mkuu

Tangu apasue kochi kuukuu la mwalimu mkuu, fundi alikuwa akipiga chafya mpaka misumari inamruka mdomoni. Vumbi la sponji lilimziba pua na kumwasha macho. Na jioni ile mwalimu mkuu anakuja. Mara ya kwanza alilirudisha kochi akidai linamchoma mgongo. Likimchoma tena, viti vyote vya ofisi ya walimu vinakwenda kwa fundi mwingine.

"Nimekunywa dawa ya mzio, nitakaa sawa," fundi alimwambia mkewe, aliyekuwa akishona foronya kwenye cherehani.

"Umesoma karatasi yake?"

"Mama Watoto, nisome au nigongomee?"

Baadaye nyundo ikanyamaza. Mke akageuka. Mume kajimwaga kwenye kochi, mdomo wazi, nyundo kifuani, anakoroma.

"Baba Watoto! Mtu mzima wewe!"

"Naamka," akasema, akageukia upande wa pili.

Juu ya meza palikuwa na pakiti ya vidonge na, kando yake, chupa ya dawa ya mafua, kijiko bado kinanata. Mke alizisoma zote mbili kwa kidole. Zilikuwa na vitu vilevile viwili: cha kutuliza mzio, kinacholeta usingizi, na cha kuzibua pua, kinachoweza kupandisha presha na kuupeleka moyo mbio. Bwana mkubwa alikuwa amejipakulia mara mbili.

Akampigia simu muuza dawa.

"Ana presha?"

"Hana. Ana ubishi."

"Moyo wake je?"

Mke akaweka sikio kifuani. "Unakwenda taratibu."

"Basi asiongeze hata tone, na asiguse mashine wala gari. Uwe unamwamsha. Asipoamka vizuri, akiumwa kifua au moyo ukienda mbio, hospitali moja kwa moja."

Kitambaa cha nyuma kilikuwa bado hakijagongomewa. Mke akachukua nyundo, akapiga magoti, akaanza. Kila baada ya misumari kadhaa alimtikisa mumewe.

"Mimi nani?"

"Askari wangu."

"Akili ipo. Lala."

Alikuwa kwenye msumari wa mwisho mwalimu mkuu alipoingia, mkoba kwapani.

"Fundi yuko wapi?"

Mke hakuona sababu ya kupamba maneno. "Huyo hapo. Kachanganya dawa mbili za aina moja, zimemwangusha."

"Na wewe ulikuwa unagonga nyundo hapo hapo nyuma yake?"

"Tangu nianze kugonga, hajajigeuza hata mara moja."

Mwalimu mkuu akamtazama fundi, kisha akalitazama kochi. "Mtoe. Nikae mwenyewe."

Mke akamwamsha mumewe, akamkokota hadi kwenye rundo la sponji mpya. Mwalimu mkuu akakaa. Akaegemea. Akafumba macho. Mke akamsogelea, nyundo bado mkononi.

"Mwalimu? Linachoma?"

"Usinisumbue," akajibu bila kufumbua macho. "Na vile viti vya ofisi njooni mvichukue Jumatatu."

Kwenye rundo la sponji, fundi alipiga chafya moja kubwa, akainuka nusu. "Mama Watoto, kile kidonge kiko wapi?"

"Nimekificha," mkewe akasema, akimrushia kipande cha kitambaa. "Funga pua na hiki. Dawa utapewa na mimi, nikishaisoma."