Zerubabeli Amerudi Chwele

Katika lile duka la vifaa vya ujenzi pale Kitale, akina Kevin walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mrefu, akaitwa Kevin Mrefu. Wa pili aliuza rangi, akaitwa Kevin wa Rangi. Wa tatu hakuwa na alama yoyote ya kumtambulisha, wateja wakamzoea kama Kevin Ule Mwingine. Hata mkewe Wacera, akipiga simu dukani kumtafuta, aliambiwa asubiri kidogo, Kevin Ule Mwingine anapakia saruji.

Basi Wacera alipojifungua mtoto wa kiume mwaka wa 2006, Kevin aliapa kwamba mwanawe hatagawana jina na mtu. Majina ya kisasa hakuyataka. Kliniki yote ilikuwa imejaa akina Derrick na akina Ivy. Alitaka jina kuukuu, zito, lililosahaulika. Kwao Wacera mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la upande wa baba, kwa hiyo yeye hakuwa na neno. Alimwomba tu achague jina ambalo mtoto ataweza kuliandika kabla ya kuota ndevu.

Kevin akampigia nyanyake, Kukhu Dinah, kule Chwele, kumwuliza marehemu babu yake alibatizwa nani. 

"Zerubabeli," akasema Kukhu. "Lakini hilo jina limepumzika. Liache."

Jina lililopumzika ndilo hasa Kevin alilokuwa akilitafuta. Mtoto akaitwa Zerubabeli, na baba yake akatembea Kitale kifua mbele, akiombwa mara kwa mara alirudie jina hilo polepole.

Mtoto alipokaza shingo, Kevin alichukua likizo wakampeleka Chwele akaonwe. Walimkuta Kukhu Dinah uani akichagua maharagwe kwenye ungo. Wacera alipoinama amwekee mtoto mapajani, Kukhu alijisogeza kando na ungo wake, akamtazama yule mtoto kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Zerubabeli," akasema. "Malakisi ulikaa miaka miwili ukifanya nini?"

Mtoto akapiga miayo.

Mzee Wanjala, baba mdogo wa Kevin, ndiye aliyemvuta kando akamweleza. Babu alikwenda Malakisi kuuza tumbaku, akakaa huko huko. Aliporudi alikuwa hoi kwa homa, akafa kabla mkewe hajamwuliza hata swali moja. Kukhu alikuwa ameyatunza maswali yake tangu siku hiyo. Na kwao, mtu akipewa jina la marehemu, ni marehemu amerudi. Kevin alilijua hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kufikiri linaweza kuleta kesi.

Kesi ikaletwa. Majirani waliitwa, wakapewa viti vya plastiki na chai. Baada ya kushauriana waliona kwamba mshtakiwa hana meno, kwa hiyo Kevin amjibie. Kevin akasema kwa kweli hajui babu alikuwa akifanya nini Malakisi. Jirani mmoja akasema hilo ndilo jibu ambalo Zerubabeli mwenyewe angelitoa, na Kukhu akakubali linafanana naye, akazidi kukasirika. Mtoto akaanza kulia, Wacera akampa ziwa. Kukhu akawaambia wote wajionee wenyewe: hata zamani, ukimwuliza kitu, alikuwa anataka chakula.

Siku ya soko iliyofuata, bodaboda ilisimama getini ikamshusha mwanamke mzee mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alisema anaitwa Ruthi, ametoka Malakisi, na wanunuzi wa kuku wamemwambia Zerubabeli amerudi. Kukhu Dinah akamwonyesha kiti, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Ruthi alimkagua mtoto, akasema masikio ni yale yale. Ndipo akamgeukia Kukhu.

"Mama, mimi pia niko na kesi. Huyu mtu alikaa kwangu akiniita Dinah. Asubuhi Dinah, jioni Dinah. Ati Dinah, hii mboga haina chumvi. Nilimwambia naitwa Ruthi mpaka nikachoka. Sasa nataka aniambie kama alikuwa ananijua."

Kukhu Dinah aliweka ungo chini.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Hata akiota."

Kukhu akamwomba arudie hapo pa chumvi. Ruthi akarudia. Kisha, kwa mara ya kwanza, Kukhu alinyoosha mikono akamchukua mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini basi hakurudi nyumbani. Mtoto alimshika kidole. Ruthi akamjibia: alikuwa akiogopa hasira za mkewe, akasema atarudi zikipoa.

"Hazikupoa," Kukhu akasema.

"Hiyo tulisikia hata Malakisi."

Kukhu alicheka hadi akafuta macho kwa leso. Baadaye akambeba mtoto kwenda kumwonyesha boma lake: pale palipokatwa mkaratusi, bati jipya la jikoni, ng'ombe waliozaliwa na yule ndama aliyemwacha. Alikuwa akimsimulia mwaka baada ya mwaka. Ruthi alifuata nyuma akiwafunika kwa mwavuli, akimhimiza Kukhu aseme polepole, mtu ametoka mbali.

Jua lilipoinama, Wacera akakunja nepi na kumtuma Kevin aende kuwaambia kwamba gari la Kitale halitangoja. Aliwakuta kando ya zizi. Kukhu hakugeuka. Alimwambia warudi wakaketi. Ndiyo kwanza wamefika mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano, na Zerubabeli bado hajaambiwa ni akina nani waliopona.