Kijiji Kimoja Ng'ambo ya Kamanga

Modesta hakuwa mwongo. Tuelewane hapo mapema, maana wapo watu Mkolani ambao hadi leo wakisikia jina lake wanasonya, na wengi wao hata hawajui alichofanya. Alikuwa afisa uchangishaji wa shirika dogo la watoto wenye ugonjwa wa sikoseli. Kazi hiyo, ukiivua tai, ni kuomba: kuomba kwa adabu, kuomba kwa barua yenye nembo, kushukuru, halafu kuomba tena. Aliifanya miaka minne na aliipenda. Watoto mia moja na arobaini walipata dawa kwa sababu ya kuomba kwake, na mwaka huu mfadhili mkubwa alikuwa amefunga virago.

Ndipo bodi ikaenda semina. Siku mbili katika ukumbi wa kukodi Butimba, chai na maandazi, na mwezeshaji aliyewaambia mengi, lakini Mzee Shimba, mwenyekiti, akaondoka na moja tu: mtu hachangii takwimu, anachangia sura. Wapeni watu mtoto mmoja. Jina lake, umri wake, na kinachomliza.

Haya, na huyo mtoto mmoja atoke wapi? Modesta alizunguka kliniki ya Alhamisi akiwauliza akina mama, mmoja baada ya mwingine, wote wakakataa. Wala hawakukataa kwa ubaya. Huku kwetu mtoto mgonjwa hatangazwi. Ukimwuliza mama hali ya mwanawe atakujibu "yupo yupo tu" hata kama juzi kacheza mpira, asije akasikiwa na wasiomtakia mema. "Nikimtangaza ataondoka, dada," mmoja alimwambia, akamfunika mwanawe uso kwa kanga. Modesta ana diploma yake, lakini bibi yake alimlea hivyo hivyo, kwa hiyo hakubishana.

Akaona atamtunga. Mtoto asiyekuwepo hana wa kumwonea kijicho, hana mama wa kukasirika, hadhuriki. Ndivyo alivyojiambia, na mimi hapo simlaumu sana. Hata wewe ungeona ni busara.

Aliiandika barua Jumanne moja kabla ya chai. Kabula, miaka saba. Kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, hakifungi mwezi wa tatu sasa. Gauni la bluu lililokosa kifungo kimoja. Mama yake, Sabina, muuza dagaa, alimbeba mgongoni kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Kamanga. Na maumivu yakimzidi, Kabula halii. Anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka yapite. Alipofika hapo kwenye kuhesabu Modesta mwenyewe machozi yalimlengalenga, akajua barua imekubali.

Ilikubali, jamani! Wenye maduka wa Nyamagana, wale ambao wakiona bahasha ya mchango wanakumbuka ghafla wana safari, walipiga simu wenyewe. Zakia, aliyekuwa akipokea michango na kutuma barua, alishinda na simu sikioni akisema asante mpaka sauti ikamkauka. Watu walimtumia Kabula salamu. Mama mmoja alileta viatu.

Mzee Shimba akaja ofisini akitabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umewapata! Sasa barua ya pili. Watu wameshampenda mtoto, safari hii lazima waogope."

"Waogope nini, mzee?"

"Kumkosa. Na wakimkosa kweli, watatoa kwa ajili ya wenzake." Akaishusha sauti. "Mtoto mwenyewe si hayupo? Nani anaumia?"

Modesta hakulipenda jambo lile. Alilichukia, na bado alilifanya, maana alikuwa na majina mia moja na arobaini ukutani na dawa ya wiki tatu kabatini. Alhamisi alasiri akaandika: Kabula alitutoka siku ya Jumamosi, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Aliomba uji. Alihesabu mpaka kumi na tisa. Akamtumia Mzee Shimba aipitie, akaenda nyumbani kichwa kikimgonga.

Kesho yake, Ijumaa, saa nne asubuhi, Zakia alichungulia mlangoni. "Una mgeni. Ana mtoto mgongoni."

Mwanamke yule alisimama katikati ya chumba akiwa amevaa kanga mbili, ananukia dagaa. Akamshusha mtoto kwenye benchi. Gauni la bluu. Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda kibichi, na inzi akatua.

"Naitwa Sabina," alisema mwanamke. "Huyu ndiye Kabula."

Modesta kwanza alipandwa na hasira. Matapeli wa mji huu hawana dogo! Mtu kasoma barua, kaazima mtoto wa jirani, kang'oa kifungo. Akavuta kadi ya usajili, akakaa, akasema moyoni leo nakukomesha.

"Mnatoka kijiji gani?"

"Kijiji kimoja ng'ambo ya Kamanga."

"Nimesikia. Kinaitwaje?"

"Kijiji kimoja," alisema Sabina. Hakusema kwa ujanja. Alisema kwa upole, akimtazama Modesta kuona kama amejibu vizuri.

"Mlivuka na kivuko cha saa ngapi?"

"Nilimbeba mgongoni."

"Ndiyo, lakini ziwa mlilivukaje?"

"Nilimbeba mgongoni, dada."

Kalamu ya Modesta ikawa nzito. Akauliza baba wa mtoto anaitwa nani. Uso ukamtaabika Sabina, akatikisa kichwa. Akaulizwa ubini wake, hana. Akaulizwa anaishi na nani, mlango wa nyumba yake unatazama wapi, jana alikula nini. Hakujua. Alikuwa anaona aibu ya kutojua, na aibu ile haikuwa ya kuigiza.

"Basi mtoto alizaliwa lini?" aliuliza Modesta, sauti imemshuka.

Hilo Sabina alilijua. Uso ukamchangamka.

"Jumanne," alisema. "Kabla ya chai."

Nywele zilimsimama Modesta, na nje jua lilikuwa linawaka, mtu anauza maembe, bodaboda zinapiga honi. Akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama. Ulikuwa na jambo baya uso ule: ukiutazama ni uso wa mtoto, mzuri tu, lakini ukigeuka pembeni huukumbuki tena. Hukumbuki macho yakoje, wala pua. Modesta hakuwa ameviandika.

"Naomba uji," alisema Kabula.

"Nitamchemshia sasa hivi," alisema Zakia kutoka mlangoni.

"Usimpe!" Modesta aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Zakia, nakuomba, usimpe uji!"

Zakia akamshangaa. Sabina akainamisha kichwa, kwa sababu maskini anajua kunyimwa. Modesta aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani, lakini hakurudi nyuma. Akaifungua kompyuta, akaitafuta barua ya pili, akaifuta. Akaandika nyingine ambayo Kabula kapata dawa, kidonda kimeanza kufunga. Akampigia Mzee Shimba mara nne. Mzee hakupokea, Modesta akamtumia ujumbe: ile ya jana tuachane nayo.

Siku hiyo akawachukua kwake. Alimsafisha mtoto kidonda kwa maji ya chumvi, na kilikuwa kidonda kweli, kina joto, kina usaha. Kabula alihesabu mpaka kumi na nne. Alipomaliza aliuegemeza mkono wake mdogo kwenye goti la Modesta akasinzia, na Modesta, ambaye hana mtoto, alikaa vile vile hadi mguu ukafa ganzi. Alimpenda. Sisemi alimhurumia. Alimpenda mpaka akaogopa.

Jumamosi mchana simu yake ikaanza kutikisika. Pole sana Modesta. Nyingine. Mungu amlaze malaika wetu. Nyingine, na nyingine, kutoka kwa watu wote wale waliotuma salamu. Akampigia Zakia.

"Ni mwenyekiti," alisema Zakia. "Alinipigia asubuhi, akaniambia niitume ile aliyonayo. Alisema Jumamosi watu wako nyumbani, wanasoma simu zao. Mimi nikajua mmekubaliana."

Kwenye kitanda cha Modesta mtoto alikuwa ameanza kuhesabu, midomo imekauka.

Walifika ofisini kwa bajaji saa tisa na nusu, Sabina amembeba mtoto mgongoni. Mzee Shimba alikuwa pale na Zakia, wanapokea pole. Fedha ilikuwa inaingia kama mvua. Modesta akamwambia yote kwa pumzi moja, pamoja na saa kumi, pamoja na kumi na tisa. Mzee alimtazama Sabina, akamtazama mtoto aliyelazwa kwenye benchi, akacheka kicheko kikavu.

"Umekodi watu, Modesta?"

"Mguse, mzee! Mguse uone homa!"

"Siwezi kumgusa." Akarudi nyuma hatua moja, na hapo Modesta akagundua kwamba naye anaogopa. "Sikiliza. Ukiwaambia watu yu hai, watajua tumewadanganya. Hatutapata hata shilingi katika mji huu. Watoto wa kwenye ule ukuta wana mama zao. Unataka kuwaambia nini akina mama hao Alhamisi?"

Na hapo alikuwa na hoja. Ndiyo maana nasema msimhukumu Modesta mkiwa mmekaa. Alisimama kati ya yale majina ukutani na mtoto yule kwenye benchi, saa ya ukutani ikionyesha dakika kumi kabla ya saa kumi.

"Kumi na moja," alisema Kabula. "Kumi na mbili."

Modesta akamsukuma Mzee Shimba, mwenyekiti wake, mtu wa umri wa baba yake, akakaa kwenye kompyuta ya Zakia. Akaandika bila kupanga maneno: Kabula yu hai. Barua ya leo ni ya uongo, na mwandishi wake ni mimi, Modesta. Kabula yu hai, yuko hapa, anapumua. Zakia, Mungu ambariki, hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono, akaituma kwa watu wote.

"Kumi na nane," alisema Kabula. "Kumi na tisa."

Sabina alikuwa amemshika mtoto mguu. Modesta aliitazama saa ya ukutani: kumi kamili.

"Ishirini," alisema Kabula, akavuta pumzi ndefu. "Ishirini na moja. Mama, imepita."

Lo, Modesta alipiga magoti pale pale sakafuni! Alicheka, akamkumbatia Zakia, akamkumbatia Sabina anayenukia dagaa. Zakia akachemsha uji, na Kabula akaunywa kwenye mapaja ya mama yake, jua la jioni likiingia dirishani. Simu zilikuwa zinalia mfululizo na hakuna aliyezijali. Watu walikuwa wanatukana, wanataka fedha yao, wanataka picha, wanataka maelezo. Kliniki ya Alhamisi ingekuwa na kilio, Modesta alilijua hilo, na aliamua atapita mlango kwa mlango kuomba upya, hata kwa kutukanwa.

Hakumwona Mzee Shimba alipotoka. Mzee alikuwa amesimama uani, chini ya dirisha, anaandika kwenye simu yake kwa kidole kimoja. Si mtu mbaya. Alitaka kuliokoa shirika alilolianzisha, na alijua njia moja tu.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Modesta saa kumi na moja na dakika tano, uliotumwa kwa wachangiaji wote kwa jina la bodi. Bodi inaomba radhi kwa umma. Barua zote mbili zilibuniwa na mfanyakazi mmoja, ambaye amesimamishwa kazi. Mtoto anayeitwa Kabula hakuwahi kuwepo.

Aliusoma mara moja. Akainua macho.

Sabina alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa kwa mviringo, umebeba hewa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kikombe, ameuinua kidogo, usawa wa mdomo wa mtu mdogo. Zakia alikuwa ametazama pembeni, anapangusa meza, hakuona chochote.

Sabina akautazama mkono wake. Akaunyoosha polepole, akaukunja tena vile vile.

"Dada," alisema, "samahani. Hivi mimi nilikuja hapa na nani?"

"Na mwanao," alisema Modesta. "Ulikuja na mwanao. Anaitwa Kabula. Ulimbeba mgongoni."

Sabina alilirudia jina taratibu, mara mbili, akilitafuta. Akaweka kikombe sakafuni kwa uangalifu ili uji usimwagike.

"Mbona sijui kumlilia?" aliuliza.

Basi Modesta ndiye aliyemlilia.