Meli Kumi na Tatu na Kitambaa cha Vumbi

Begi lilikuwa begani na mguu mmoja ulishavuka kizingiti pale dada yangu aliponiita kutoka chumba cha nyuma.

"We Miguu! Kabla hujapotea, njoo ufunge meli zako. Mimi si kuli wako."

Jina la Miguu alinipa yeye, kwa sababu sikai. Nimepaka rangi nyumba za watu, nimeosha vyombo hotelini, nimelinda maghala, nimefundisha hesabu nusu mwaka mpaka hesabu zikafika mahali ambapo na mimi sikuwa nimefika. Safari hii nilikuja siku tatu kumsaidia kufungasha. Mkwewe, muuguzi, alikuwa amehamishiwa mji mwingine, na dada alikuwa anahama pamoja naye na binti yake, mke wa huyo mkwe. Lori lilikuwa lije kesho. Basi langu lilikuwa la saa nne, na saa hiyo ilikuwa tatu na robo.

Nilirudi ndani nikipita katikati ya maboksi. Chumba cha nyuma kilikuwa hakijaguswa. Palikuwa na kabati la vifaa vyake, taa yenye shingo ndefu, na katikati mlango wa zamani uliochorwa bahari, umelazwa juu ya meza mbili ndogo na kufunikwa shuka.

Dada alifanya kazi ya kutengeneza meno ya bandia miaka thelathini na moja. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu. Akaanza kuchonga meli kwa nta, anatia kwenye plasta, anamimina ile dawa ya rangi ya waridi inayotengenezewa ufizi wa bandia, anapaka rangi. Kila meli ina urefu wa kucha ya dole gumba. Makasia yake ni nywele za mswaki. Ukikwaruza rangi, chini unakuta ufizi. Nilimwambia siku moja kwamba meli zake zikigongana zitaumana. Alicheka mpaka akavua miwani.

Meli zenyewe ni za vita vya Korea na Japani, vya zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Upande mmoja ulikuwa umebakiwa na meli kumi na tatu tu, na ukasimama kwenye mlango mwembamba wa bahari kuzuia meli mia moja thelathini na tatu. Mkondo wa maji hapo ni mkali, na kila baada ya muda unageuka. Dada alichukua zile kumi na tatu. Mimi nilipewa arobaini na nne, kila moja ikihesabiwa kuwa tatu. Hesabu inabakiza moja. Dada alisema hiyo imechelewa, na nahodha wake ni mimi.

Tulikuwa na sheria zetu. Kila mmoja anaandika amri ya raundi inayofuata kwenye karatasi, anaikunja, anaiweka chini ya meli yake ya kwanza, na ikishawekwa haifutwi. Shuka halifunuliwi mpaka wawili tuwepo. Na ile kubwa kuliko zote: kilichopo mezani ndicho kilichopo. Hiyo tuliitunga tungali wadogo, tulipokuwa tunapigana kwa vizibo vya chupa kwenye beseni, kwa sababu nilikuwa nasogeza vizibo akipepesa macho.

Vita ni raundi kumi, na meli ya kuzama inaamuliwa kwa dadu. Tulikuwa tumeanza mara sita katika miaka tisa. Hatukuwahi kumaliza hata mara moja, na kila mara aliyeondoka ni mimi. Mara hii ya sita tuliishia raundi ya tano, miezi kumi na moja iliyopita. Na huko aendako hakuna chumba cha kutosha kulaza mlango mzima. Yote hayo nilikuwa nayajua. Siku tatu alikuwa ananitupia, "Leo tukae kidogo?" nami ninakumbuka sahani ambazo hazijafungwa.

"Shika huko," alisema.

Tulishika shuka kila mtu upande wake, tukalikunja. Kisha dada akaiinamia meza.

Meli zangu zilikuwa pale nilipoziacha, zimejazana mdomoni mwa mlango wa bahari. Zake zilikuwa kwenye mstari wake. Ila zote kumi na tatu zilikuwa zimenigeuzia mgongo.

"Nani amegusa meza yangu?" aliita, wala hakupaza sauti sana.

Mkwewe akaja, mikono imejaa gundi ya karatasi. Dada anamwita Bwana Usafi, na si kwa kumsifu tu.

"Mama, niliifuta vumbi tu. Mwezi wa pili ule, ulipolazwa. Niliweka alama ya chaki kila mahali, sikukosea hata moja."

"Mahali hujakosea. Mbona zinatazama ukutani?"

Akainama, akaangalia. Meli za dada zimekatwa butu mbele na nyuma. Kwa asiyejua, omo na tezi ni mamoja. Kinachotofautisha ni bendera ya tezi, yaani ya nyuma, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Si bendera inatangulia, Mama?" alisema. "Niliona zimewekwa nyuma mbele, nikazisahihisha."

Nilicheka mimi kwanza. Dada alimtazama kijana wa watu, akatikisa kichwa.

"Baba, wewe ndiye adui wa kwanza kuvigeuza vikosi vyangu vyote, tena kwa kitambaa. Nenda kafunge vyombo."

Alipotoka nilinyoosha mkono niigeuze meli moja. Dada akanipiga kofi dogo la vidole.

"Kilichopo mezani?"

"Dada, hii ni ajali."

"Ndicho kilichopo," alimalizia mwenyewe. "Toa karatasi."

Niliangalia saa. Nikasema moyoni, karatasi mbili tu, dakika moja. Yake aliifungua yeye, akaisoma, akaguna. Ilisema: *Simameni mlipo. Asigeuke mtu.*

Hapo nilielewa. Meli zake zingekaa raundi nzima zimenipa mgongo, mizinga inatazama upande mwingine, na mkondo bado unanisukuma mimi mbele. Mtoto wa shule angeshinda pale. Katika maisha yangu sikuwahi kumshinda dada kitu chochote, hata kula.

"Haya, nimalize," alisema. "Soma yako."

Niliinyanyua meli yangu ya kwanza. Kabla sijaikunjua nilishakumbuka, na laiti ningeweza kuimeza. Dada aliichukua mkononi mwangu, akaisogeza kwenye taa.

*Rudini nyuma, bandarini.*

Aliisoma mara mbili. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ulikuwa unashinda."

"Ndiyo."

"Maji yako, upepo wako, meli arobaini na nne. Unarudi bandarini kufanya nini?"

"Basi lilikuwa la jioni, Dada. Nilitaka iishe."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Aliikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ileile.

"Kumbe mwaka jana nilikuwa nacheza na kiti," alisema.

Binti yake alichungulia mlangoni. "Mjomba, saa tatu na nusu. Utachelewa."

"Mwache aende," dada alisema. "Waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huyu ngama yake ni kituo cha basi." Akavuta boksi la meno ya bandia lililojaa pamba, akaanza kuokota meli yake ya mwisho upande wa kushoto.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouacha.

"Irudishe," nilisema. "Kilichopo mezani ndicho kilichopo."

"Basi lako?"

"Liende. Mabasi hayajaisha duniani."

"Hiyo ndiyo maneno, Mjomba," binti alisema, akalivua mwenyewe begi begani mwangu, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo. Alituletea stuli mbili. Viti vilishafungwa.

Tulitekeleza amri zetu kama zilivyoandikwa. Zake zilisimama zimenigeuzia mgongo, na zangu, badala ya kuzimeza, zikaanza kupiga makasia kurudi nyuma dhidi ya mkondo, zikisongana. Niliona aibu ya kweli, peke yangu, kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Raundi ya saba maji yakageuka. Meli za dada zina chini bapa kama sahani. Zinageuka palepale zilipo. Alizigeuza moja moja kwa ncha ya kibano cha meno, bila haraka. Zangu zina tumbo lililochongoka, zinakwenda kwa kasi lakini kugeuka zinataka uwanja, na uwanja sikuwa nao. Mkondo ukazichukua kinyumenyume. Nilirusha dadu kama mtu anayefukuza nzi.

"Pole, nahodha," alikuwa ananiambia kila meli inapozama. "Pole sana. Huyu alikuwa na watoto."

"Dada, acha."

"Na huyu alikuwa na basi saa nne."

Raundi ya nane niliandika amri ndefu, nikafuta, nikaandika nyingine, hata kijasho kikanitoka. Aliniangalia nikifuta, akatabasamu, akatazama dirishani ili nisione. Raundi ya tisa nilimzamishia meli mbili, akapiga meza kwa kiganja kwa hasira, na hapo ndipo nilipofurahi. Raundi ya kumi iliisha saa sita kasoro dakika chache. Nilikuwa nimebakiwa na ishirini na tatu. Yeye kumi na moja, na mlango wa bahari ulikuwa wake.

"Imekwisha," alisema. Alikaa kidogo akiangalia meza. "Kumbe hivi ndivyo inavyoisha."

Tukazifunga meli kwenye pamba, mchana kutwa.

Lori lilikuja kesho yake na wakaondoka. Mimi niliondoka na basi la saa nne la siku hiyo. Dada aliishi huko miaka minne na miezi miwili, hakuchonga meli nyingine, akafa usingizini. Mkwewe alipewa wodi ya watoto, yupo hadi leo. Binti ana watoto wawili. Ule mlango waliupachika uwe mlango wa stoo, upande wenye bahari ukiangalia ndani. Meli kumi na tatu ziko kabatini kwa binti, ndani ya boksi. Zangu nilimpa fundi saa mmoja aliyesema atazichezea. Sijui kama alicheza. Tangu hapo nimekaa miji mitatu. Huu ni wa nne.