Waya wa Shemeji

Harufu ndiyo iliyomlaki fundi umeme mlangoni, kabla hata ya mama mkwe wake: plastiki iliyoungua, kama nywele zilizoangukia motoni. Nyumba mpya, wageni pomoni, kila mtu anasifia rangi ya kuta. Hiyo harufu hakuna aliyeisifia.

"Karibu mwanangu! Soketi ya chumba cha wajukuu inakohoa. Hebu itazame, leo wanalala humo."

Fundi aliifungua, akarudisha uso nyuma. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka, linanata vidoleni kama kamasi. Na hapo ilichomekwa pasi tu! Alikata kipande, akakikwangua kwa kisu. Juu wekundu wa shaba, ndani weupe wa alumini. Shaba ya unene ule ingeubeba umeme wa pasi bila kutoka jasho. Huu uliopakwa rangi unachemka, unalegea kwenye skrubu, kisha unawasha ukuta watu wamelala.

"Nani alinunua waya?"

Mnunuzi alikuwa pale pale mlangoni, sahani mkononi, mafuta yakimtiririka kidevuni: mdogo wa mume wa fundi, kipenzi cha mama, yule aliyekataa katakata shemeji yake, fundi wa ukoo, aiguse kazi hii.

"Shem, usituharibie shughuli. Waya ni waya. Mwekundu, si unauona?"

"Hata macho ya mlevi ni mekundu. Ni shaba hayo?"

Wageni wakaangua kicheko. Fundi akaenda kuzima swichi kuu. Feni zikasimama, muziki ukakatika, kicheko kikageuka miguno.

Mama mkwe akaja mbio. Fundi hakuhubiri. Alimpa kile kipande, na kingine cha shaba kutoka mfukoni mwake.

"Kunja, kunjua, mama."

Shaba ilikunjwa ikanyooshwa mara saba, nane, haina habari. Cha shemeji kilikatika mara ya tatu, tak, kama kijiti.

Mama akamgeukia mwanawe. "Hii ni salama?"

"Salama kabisa, mama!"

"Haya, tuwashe. Wajukuu nitalala nao sebuleni. Humu utalala wewe, pasi ikiwa imechomekwa."

Shemeji aliacha kutafuna. Akaitazama soketi, akautazama mlango.

"Lakini mama... mgongo wangu na hicho kitanda..."

"Ng'oa nyaya zote," mama akamwambia fundi, huku akimpokonya kipenzi chake sahani.

Fundi akazivuta ukutani, zikatoka zikinata kama matumbo ya kuku. Alipomaliza alinawa kwa sabuni mara tatu. Bado vidole vilinuka shemeji.