Mabega ya Baba

Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na jasho lake lilinuka kama la mtu mzima. Mama yake aliligundua akimvua fulana. Akafua nguo upya, akabadilisha sabuni, harufu haikuondoka. Baadaye zikaja chunusi kwenye paji la uso, kisha sauti ikaanza kukwaruza.

"Huyu kesho atadai kiti changu," bibi yake alitania.

"Mama, usicheke. Viatu vya juzi havimwingii."

"Damu ya mwanangu hiyo, mkwe. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Baba, fundi seremala, alitoka chumbani kifua wazi, akambeba mtoto mabegani kama kila asubuhi.

Hospitalini daktari alibandika picha ya eksirei ya kiganja mbele ya taa.

"Mifupa hii ni ya mtoto wa miaka saba."

"Si ndiyo afya hiyo?" baba aliuliza.

"Hapana. Mifupa ikikomaa mapema, hufunga mapema. Leo anawapita wenzake. Baadaye watampita, naye hatarefuka tena."

Mtoto alikuwa amepakatwa na baba, shavu likiwa limelala shingoni mwake.

"Amri ya kubalehe hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo," daktari aliendelea. "Kwake tezi hiyo imetulia. Tezi zilizo juu ya figo hazina uvimbe. Lakini damu yake imejaa homoni ya kiume, kwa hiyo inamwingia kutoka nje ya mwili wake. Nani nyumbani anatumia dawa, hata ya kupaka?"

"Hakuna," mama alijibu. "Labda mafuta yangu ya nazi."

Daktari hakuandika kitu. Alimtazama baba.

"Kuna jeli," baba alisema. "Ya kuongeza nguvu. Najipaka mabegani nikiamka."

Mkewe alimgeukia. "Nguvu zipi?"

Baba alimtazama daktari.

"Homoni iliyomo hupenya ngozi yako," daktari alisema, "na ya yeyote anayeigusa kabla hujaosha."

"Nikiacha leo?"

"Harufu itaisha. Chunusi pia. Mifupa iliyokwisha kukomaa hairudi nyuma."

"Nipe mtoto," mama alisema.

Baba alinyoosha mikono ili amtenge na kifua chake. Mtoto akadhani ni mchezo. Akacheka, akamng'ang'ania shingoni kwa mikono yote miwili.